Shangazi na Simu ya Pili

Nyuki walifika mtaani wakati watu wamekwisha kunywa chai na hawajaanza kuulizana watakula nini mchana, na kati ya milango yote iliyokuwa wazi wakachagua kibaraza cha Shangazi. Hawakubisha hodi. Walikuja kwa mvumo uliomfanya msusi wa mlango wa pili azime redio akidhani imeharibika. Wakazunguka juu ya cherehani, wakamzunguka Shangazi aliyekuwa na mkasi mkononi, kisha wakajimwaga wote kwenye bega la sanamu la kushonea, lililosimama pembeni limevaa koti la mteja ambalo bado halijatiwa mikono.

Msusi alimvuta ndani mteja wake, kichwa kimesukwa nusu, akafunga mlango na kukaa dirishani. Shangazi hakukimbia. Alibaki pale pale kwenye kiti chake, macho yamemtoka, machozi yakimlengalenga kwa furaha, moyo ukimwenda mbio kama wa msichana anayesubiri matokeo ya mtihani. Nyuki hao alikuwa amewaombea mwaka mzima.

Inafaa nieleze hapa, maana mtu anaweza kujiuliza ni mshonaji gani huyo anayeombea nyuki. Shangazi alikuwa na kaka, na kaka alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Kaka alipofariki, mtoto alikuwa bado anavaa kaptura za shule, na tangu siku hiyo akalelewa na Shangazi, akakua chini ya meza ya kukatia nguo, akawa seremala kama baba yake. Urithi wake ulikuwa sanduku la vifaa na mzinga mmoja wa mbao nzito, uliochongwa na marehemu kwa mikono yake. Mzinga ulikaa nyuma ya nyumba ya Seremala miaka na miaka, umejaa nyuki, na Seremala aliuhudumia vile alivyofundishwa na baba yake. Kisha mwaka uliopita mtu asiye na haya akachoma matairi karibu na ua, moshi ukakaa siku kadhaa, nyuki wakahama wote.

Seremala aliusafisha mzinga, akaupaka nta ndani, akauweka mahali pazuri, akasubiri. Kila jioni alikuwa akiinamisha sikio kwenye kitundu cha kuingilia, na kila jioni akiinuka bila kusikia mvumo. Sasa usiku wa kuamkia siku hii ya nyuki alikuja kula kwa Shangazi, na katikati ya chakula akasema amechoka kungoja. Kulikuwa na mteja anayetaka kabati la viatu la mbao za zamani, mbao ambazo siku hizi hazipatikani. Kesho angeuchukua mzinga, aupasue huko huko kwa mteja. Shangazi aliosha vyombo kwa kelele nyingi mno, na aliyemjua angeelewa.

Asubuhi Seremala akaufunga mzinga nyuma ya pikipiki yake, akaondoka nao. Na Shangazi, akiwa bado hajaweka hata uzi kwenye sindano, akampigia simu kumwomba asubiri japo wiki moja. Simu iliita mpaka ikachoka. Hapo ndipo lilipokuwa tatizo, kwa sababu Shangazi alikuwa na simu moja tu kwa siku, na hiyo alikwisha kuitumia.

Zamani hapakuwa na sheria kama hiyo. Zamani Shangazi alikuwa akipiga apendavyo. Alipiga kuuliza kama Seremala amekula, alipiga kuuliza kama huko aliko kuna wingu, alipiga kumwambia kwamba hana jambo la kumwambia. Asipopokelewa alipiga tena, na tena, kwa roho safi kabisa, akiamini kwamba mtu asiyepokea simu ni mtu ambaye hajaisikia. Mpaka siku ile Seremala alipokuwa anapandisha kioo kikubwa kwenye kabati la mteja, simu mfukoni ikaanza. Ikanyamaza, ikaanza tena. Ilipoanza mara nyingine akaogopa, akapeleka mkono mmoja mfukoni, na ule mmoja uliobaki haukukitosha kioo. Kilianguka kikawa vipande. Na Shangazi alikuwa anapiga kuuliza kama ameiona kastabini yake, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni wakati wa kushona. Ilikuwa kidoleni.

Jioni ile Seremala alikuja na kiganja kilichofungwa kitambaa, akakaa karibu naye, akamwomba kwa upole apige mara moja tu kwa siku. Akiiona atampigia. Shangazi aliona aibu hadi masikioni. Alisema mara moja tu, na tangu hapo ikawa mara moja tu. Kila asubuhi alipiga, akangoja mpaka mlio ukakatika, akaiweka simu kwenye droo ya vifungo. Seremala alimpigia akikumbuka, na kukumbuka kulimpa taabu. Baadaye msusi akaleta habari kwamba Seremala ameiweka simu yake kimya, akiwa kazini hailii kwa mtu yeyote. Shangazi alisikia, akaendelea kushona. Iliuma, tena iliuma sana, lakini hakusema kitu, jambo ambalo kwake yeye lilikuwa karibu na ugonjwa.

Basi nyuki waliikuta nyumba katika hali hiyo. Walikuwa wananing'inia begani kwa sanamu, wamefunika shingo na nusu ya kifua, wanatembea mmoja juu ya mwingine. Shangazi aliwajua kutokana na miaka ya kumwangalia kaka yake. Kundi lililotulia namna hiyo limepumzika tu. Limewatuma wenzao kutafuta nyumba, na wakirudi na habari njema linaondoka lote kwa pamoja, wala halirudi nyuma kuaga. Nyumba ilikuwepo, nzuri kuliko zote. Ila ilikuwa mbele ya msumeno, kwa mteja ambaye hakuna aliyejua anakaa wapi.

"Mpigie basi," msusi alisema kutoka dirishani.

"Ya leo nimeshaitumia."

Msusi alidhani hakusikia vizuri. Alifungua dirisha zaidi, nyuki au si nyuki, akamkumbusha Shangazi kwamba hili si suala la kastabini. Shangazi akasema neno alilolitoa ni neno, kwamba mwanawe alimwomba kitu kimoja tu maishani mwake na kioo cha watu kilivunjika. Halafu hata akipiga ingesaidia nini, wakati simu yenyewe ni kimya. Wengine wapige.

Wakapiga. Mtaa mzima ulikuwa na namba ya Seremala, kwa kuwa hakuna mlango ambao hakuutengeneza, na kila mtu aliamini kwamba yake ndiyo itakayopokelewa. Msusi akasema yeye akipiga lazima atapokea, wanaheshimiana. Akapiga mpaka simu ikapata moto. Mteja wa nywele akasema labda namba ngeni itamvutia, akapiga yake, ikaita bure. Mpita njia mmoja aliyesimama kutazama naye akaomba namba, akajaribu bahati yake. Simu ya Seremala, popote ilipokuwa, ilikuwa imelala usingizi wa mtoto mchanga.

Hapo mwenye duka la ng'ambo akavuka barabara na kopo la dawa ya wadudu mkononi. Alikuwa mtu mzuri siku zote, lakini wateja wake walikuwa wamegeuza njia, na jasho lilikuwa linamtoka kwa hofu. Alisema samahani sana Shangazi, mdudu mmoja akimuuma mtoto wa mtu atalaumiwa nani. Shangazi akainuka. Alikuwa mfupi, na mkasi wa kukatia suti ulikuwa mrefu. Akasimama kati ya kopo na sanamu.

"Ukipuliza hiyo," alisema, "hutashonewa hata kifungo na mimi mpaka nife."

Mwenye duka alilitazama shati lake, ambalo kola yake ilikuwa imegeuzwa na Shangazi wiki ile ile. Akakubali kungoja kidogo. Alisema lakini wakianza kuruka ovyo, atapuliza, na hiyo kola ataishona mwenyewe.

Na kweli wakaanza. Jua lilikuwa limepanda mpaka kwenye ukingo wa kibaraza, likagusa bega la sanamu, na kundi likaanza kuchemka. Waliokuwa nje wakaongezeka, mvumo ukapanda. Shangazi akaitupia macho meza ya pasi, akaiona ile chupa ya kunyunyizia nguo maji. Kaka yake alikuwa akitumia kata ya maji na ufagio, akiwarashia nyuki kidogo kidogo wadhani mvua inakuja. Akaichukua chupa, akasogea hatua ndogo ndogo, akaanza kunyunyiza juu yao ukungu mwembamba, vile vile anavyonyunyizia kitambaa cha hariri. Nyuki wakapunguza. Wakajikunyata. Dirishani msusi alishika mdomo kwa mikono yote miwili.

Katikati ya hayo ndipo fundi simu alipotokea kutoka kwenye kibanda chake mwisho wa mtaa, miwani ya kukuzia bado ipo usoni, akauliza kuna nini. Wote walimwambia kwa wakati mmoja. Alipopata maana, akawatazama kama watu wanaosukuma mlango unaofunguka kwa kuvutwa.

"Simu yake nimeipanga mimi," alisema. "Akiwa kazini hailii kwa mtu. Isipokuwa mtu mmoja."

Msusi akataka kujua ni nani huyo mmoja, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona wivu.

"Huyu hapa," akasema fundi simu, akamwonyesha Shangazi.

Shangazi akasema huo ni uongo mtupu. Yeye anapiga kila siku ya Mungu na haipokelewi. Chupa ilikuwa bado inanyunyiza, lakini sasa ilikuwa inanyunyiza pembeni.

"Unapiga mara moja, Shangazi. Alinitaka nipange hivi: ukipiga mara mbili mfululizo, ilie kwa nguvu zake zote. Nikamwuliza kwa nini mara mbili. Akasema, Shangazi ameahidi mara moja, na akiahidi ameahidi. Siku akipiga ya pili, ujue kuna jambo. Nitaacha chochote nilichoshika, hata kiwe kioo."

Shangazi alihisi kitu kikimfunguka kifuani, kitu kilichokuwa kimekazwa tangu siku msusi alipoleta ile habari. Miezi yote hiyo alidhani amefungiwa nje pamoja na wauza viwanja na watu wa kukosea namba. Kumbe alikuwa ameachiwa mlango, tena peke yake, na kilichomzuia kuufungua kilikuwa uaminifu wake mwenyewe.

"Mbona hakuniambia?" aliuliza.

Fundi simu alijikuna shingo. "Alisema akikuambia utaanza kupiga mara mbili kila siku."

Watu walicheka, mwenye duka na kopo lake akiwemo, na Shangazi akacheka pia kwa sababu ilikuwa kweli. Akamkabidhi msusi chupa kupitia dirisha. Msusi, ambaye dakika chache nyuma hakutaka hata kuchungulia, akatoka nje na kuanza kunyunyiza akiwa amefumba jicho moja.

Shangazi akavuta droo ya vifungo, akatoa simu. Akapiga ya kwanza. Ikaita, ikaita, ikakatika, na kila mtu alikuwa amebana pumzi. Wakati huo huo nyuki walioko juu ya shingo ya sanamu wakanyanyuka, wakafanya duara hewani, na mwenye duka akainua kopo. Shangazi akabonyeza tena. Kidole kilikosea, akabonyeza upya.

Mlio wa kwanza haukwisha.

"Shangazi! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Weka msumeno chini."

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, pumzi za mtu aliyeruka kutoka mahali.

"Nimeuweka."

"Baba, nyuki wamekuja. Kundi zima. Wako hapa kwangu, begani kwa sanamu."

Kitu kilianguka huko, kizito, na Shangazi akaomba kimoyomoyo kisiwe cha mteja. Sauti iliporudi ilikuwa ya mtoto wa kaptura za shule. Alisema amekwisha kuuanza mzinga, upande mmoja, msumeno umeingia. Shangazi akamwambia aje nao hivyo hivyo, na aje sasa hivi, na asiendeshe pikipiki kama mwendawazimu. Kisha akaongeza kwamba anaweza kuendesha kama mwendawazimu kidogo.

Kusubiri huko ndiko kulikokuwa kazi. Maji yaliisha kwenye chupa, na aliyekimbilia mengine alikuwa mwenye duka mwenyewe, akarudi na ndoo nzima huku maji yakimmwagikia viatuni. Kopo lake la dawa alilisahau juu ya meza ya pasi, na msusi akalificha chini ya mabaki ya vitambaa bila kumwuliza mtu. Watu waliongezeka upande wa pili wa barabara, wakinong'onezana kama walio kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kila wimbi la nyuki likinyanyuka, umati mzima ulirudi nyuma kwa pamoja, na wakitulia, umati ulisogea tena. Shangazi alikuwa anawasemesha kwa sauti ya chini. Aliwaambia nyumba yao iko njiani, kwamba ni nyumba ya baba wa mwanawe, kwamba ina nta mpya na haina panya.

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Seremala aliingia mtaani na vumbi la mbao kwenye nywele, mzinga umefungwa nyuma kwa mpira, akazima injini mbali na kuisukuma kwa miguu hatua za mwisho ili asiwashtue. Alipowaona nyuki, alisimama. Akashika kichwa.

Wakaushusha mzinga pamoja. Ubavuni, karibu na pembe, kulikuwa na mkato mpya wa msumeno, mweupe, mrefu kama kiganja, umepita mpaka ndani. Seremala aliupitishia kidole, uso ukasawijika. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mwanga utaingia, upepo utaingia, hawatakaa. Shangazi tayari alikuwa amenyoosha mkono mezani. Kitambaa kilichokuwa karibu kilikuwa mkono wa lile koti la mteja, uliokwisha kukatwa ukingoja kushonwa. Hakufikiri mara mbili. Akapitisha mkasi, akatoa ukanda mwembamba, akaukunja, akaushindilia ndani ya mkato kwa ncha ya mkasi na kidole chenye kastabini, sentimita kwa sentimita, mpaka mkato ukajaa na hata pumzi isingepita.

"Haya," alisema. "Koti tutamwambia ndiyo mtindo."

Seremala akafungua kifuniko, akauweka mzinga chini ya sanamu. Akashika kiuno cha sanamu, Shangazi akashika mguu wa chuma uliolibeba, wakaliinamisha taratibu kama watu wanaomlaza mzee. Wakatazamana. Kisha wakalitikisa kwa nguvu, mara moja. Kundi likaanguka ndani kwa mshindo laini, kama unga unaomwagwa kutoka guniani, na hewa ikajaa nyuki waliobaki. Mtu ng'ambo alikimbia. Shangazi aliumwa na mmoja shavuni na hakugutuka.

Sasa ilibaki kuona kama malkia yumo. Kama hayumo, wote wangetoka tena na kuondoka zao. Seremala aliweka kifuniko, akapiga magoti mbele ya kitundu cha kuingilia, akainamisha kichwa. Shangazi akapiga magoti kando yake, magoti yakilalamika. Nyuki wachache wakatoka mlangoni. Wakasimama. Halafu mmoja akainua mkia juu, akageuza kichwa ndani, akaanza kupepea mabawa kwa kasi bila kuruka, kisha wa pili, kisha mstari mzima, wanawaita wenzao.

"Wanapepea," Seremala alisema. "Shangazi, yumo. Wanapepea."

Waliokuwa hewani wakaanza kushuka na kuingia kwa foleni. Msusi alipiga kigelegele cha nusu, akakimeza nusu ya pili asije akawatisha. Mwenye duka akaomba kopo lake, akaambiwa halijulikani lilipo, akasema basi.

Baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, Seremala alikaa kwenye ngazi ya kibaraza, akatoa simu ampigie mteja amwambie kabati la viatu litakuwa la mbao nyingine. Shangazi alimwona anakawia. Alikuwa anapandisha kidole juu ya kioo cha simu, anapandisha, anapandisha. Juu kabisa zilikuwa simu za leo, za Shangazi, za msusi na za mtaa mzima. Chini yake, siku baada ya siku, saa ile ile ya asubuhi, ilikuwa simu moja ya Shangazi, haijazidi, haijapungua.

"Ulipiga kila siku," alisema.

"Mara moja."

"Na mimi sikupiga." Akaiweka simu magotini. "Nisamehe, Shangazi. Kuanzia kesho piga utakavyo."

Shangazi alikuwa anapima kitambaa aone kama koti litapata mkono mwingine. Alisema hataki, mara moja inamtosha, amekwisha kuizoea. Ila kesho ni zamu ya Seremala kupiga. Giza lilipoingia, Seremala akaziba kitundu kwa kitambaa, akaurudisha mzinga nyuma ya nyumba yake.

Asubuhi iliyofuata, cherehani ikiwa inakwenda, droo ya vifungo ikaanza kulia. Shangazi aliivuta, akaona ni Seremala, akaiacha. Simu iliita, vifungo vikatetemeka, msusi akapaza sauti kutoka kwake kwamba Shangazi ana simu, hivi hasikii. Shangazi aliinua kidole chenye kastabini kumnyamazisha. Simu ikanyamaza. Alisubiri, ameikazia macho, mguu umesimama juu ya kanyagio la cherehani.

Ikalia tena. Aliidaka kabla mlio haujaisha.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, Shangazi," Seremala akasema, na nyuma ya sauti yake ulisikika ule mvumo. "Nimeamka, nimewakuta wanatoka kwenda kazini. Nikasema nikupigie."